TAHADHARI: Twita za "dipoli" ambazo mgongo wake umezibwa

Wakuu, kama unajiundia spika za ubao wazi, zile zisizo na kasha, soma hapa kabla hujamtumia mtu hela. Kuna muuzaji wa mtandaoni anauza jozi za twita (spika ndogo za sauti nyembamba za juu) bapa za utepe akizinadi kuwa "dipoli halisi, mgongo wazi". Mgongo hauko wazi. Nimezinunua, nimezifungua, nimezipima.

Kwa ambao ndiyo mnaanza: spika ya ubao wazi, ndiyo hiyo dipoli, inatoa sauti mbele na nyuma kwa nguvu sawa, ila kinyume. Hewa ya mbele ikisukumwa, ya nyuma inavutwa. Ubavuni, kwenye nyuzi 90, mawimbi hayo mawili yanafutana, na mtawanyiko wa sauti ukiuchora unapata umbo la 8. Hapo ndipo utamu wake ulipo, maana kuta za pembeni hazipigwi sana na sauti na muziki unapata nafasi ya kupumua.

Tatizo ni kwamba twita nyingi za kuba zina chumba kilichofungwa nyuma ya kiwambo (ule utando unaotikisika kutoa sauti), hivyo zinaimba mbele tu. Wufa na midi, yaani spika za besi na za sauti za kati, zinatoa sauti pande zote mbili, lakini krosova (saketi inayogawa sauti kwa kila spika) ikishaikabidhi twita kazi, nyuma kunafifia. Kuna namna mbili za kulimaliza hilo. Ya kwanza ni kufunga twita mbili za kuba zikipeana mgongo, ya nyuma ukiigeuza chanya na hasi. Marehemu Siegfried Linkwitz, mbunifu wa spika, aliweka twita mbele na nyuma kwenye LX521, spika yake ya ubao wazi. Ya pili ni kutafuta twita yenye mgongo wazi tangu kuundwa kwake: ya utepe, au ile ya kiwambo kilichokunjwa kama akodiani aliyoibuni Oskar Heil. Muuzaji huyu anawawinda watu wa njia ya pili, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mzigo ulipofika nilifurahi. Kwa nyuma kila twita ilikuwa na wavu mweusi wa chuma uliokaa vizuri kabisa, ungeapa sauti inapita pale. Nilipozifunga kwenye ubao na kuzungukia nyuma, matoazi yakawa kama yanapigwa chumba cha pili. Nikazishusha. Nikazima taa, nikawasha tochi mbele ya twita nikitazama kwa nyuma: giza tupu, hata uzi wa mwanga haukupita. Nikachukua kisu chembamba nikaingiza chini ya ukingo wa wavu, ukabanduka wenyewe, umebandikwa kwa gundi. Chini yake kuna bamba la chuma zima, halina hata tundu moja, na sumaku zimepangwa juu ya bamba hilo hilo. Ni twita ya kawaida ya mgongo uliofungwa, imevalishwa wavu ili ifanane na ya dipoli.

Najua kuna mtu atasema toboa bamba, yaishe. Tafadhali msifanye hivyo. Bamba lile ndilo linalopitisha nguvu ya sumaku. Ukilikata unaidhoofisha twita. Halafu vumbi la chuma linarukia sumaku na kung'ang'ania hapo, na kiwambo chake ni chembamba kuliko karatasi. Chembe moja ikikigusa, unasikia mkwaruzo kila noti.

Hayo hayakuwa yote. Jozi yenyewe si jozi. Niliweka multimita: moja ilisoma omu 6.1, nyingine 3.4, yaani moja ni ya omu 8 na nyingine ya omu 4 (multimita husoma chini kidogo ya omu zinazotajwa), zimewekwa boksi moja kwa vibandiko vinavyofanana. Ukiziunga kwenye krosova ileile, upande mmoja unakata sehemu tofauti na mwenzake. Kapasita ya krosova ya maikrofaradi 10 kwenye omu 8 inakata karibu na hezi 2,000. Kwenye omu 4 inasogea hadi karibu hezi 4,000. Na zile "desibeli 98" za ukubwa wa sauti kwenye tangazo zimepimwa kwa volti 2.83, ambayo kwenye omu 8 ni wati 1 lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Desibeli 3 za bure hizo.

Nilipomwandikia alinijibu, "Boss, ndivyo zinavyotoka kiwandani." Nikamtumia picha ya bamba. Akasema kwa kuwa nimebandua wavu, dhamana imekufa. Baada ya hapo akanizuia. Hela sikuweza kuidai kokote kwa sababu alinishawishi tulipane nje ya mfumo wa tovuti, eti makato ni makubwa. Hapo nilikosea, na naomba asikosee mwingine.

Ukitaka twita ya aina hii kwa muuzaji yeyote, mwombe akupigie picha akiwa ameishika dirishani, mwanga ukitokea nyuma yake. Ya mgongo wazi kweli itaonyesha mistari ya mwanga kati ya sumaku. Mwombe pia video ya multimita ikipima zote mbili, moja baada ya nyingine. Kumbuka tu kwamba twita ya utepe halisi yenye transfoma ndani itasoma karibu na sifuri, na hiyo si kasoro. Mwenye mali halali hayo ni kazi ya dakika mbili.

Huyu nilipomwomba picha ya mgongo alinitumia mchoro wa katalogi, nikaridhika. Tangazo lake bado lipo, sasa kwa jina jingine. Picha ni ileile: twita mbili zimelazwa kwenye kitambaa chekundu, zote zimetazama juu.