mpv: video nne kwenye televisheni moja ya duka, bila kulipa franka

Nafanya kazi kwenye studio ya video za harusi hapa Bukavu, upande wa Ibanda. Televisheni yetu inayoangalia barabara inaleta wateja kuliko kibao cha mlangoni. Patroni alitaka ioneshe sherehe nne kwa mara moja: mahari kona hii, kanisa kona ile, ukumbi chini, picha za ufukweni mwa ziwa pembeni yake, kila video ikiisha ianze tena yenyewe. Programu nyingi za matangazo zinazouzwa kwa kazi ya namna hii zinadai malipo ya kila mwezi, tena baadhi zinataka intaneti. mpv haidai kimoja wala kingine.

Ni programu ya bure ya kuchezea video, ndugu mdogo wa MPlayer ya zamani, na imekuwapo tangu 2013. Aliyezoea VLC atashtuka kidogo: unaifungua unaona dirisha karibu tupu, hakuna menyu juu, na vitufe vya kubofya vinatokea tu ukisogeza kipanya. Patroni alipoiona aliuliza kama mashini imeharibika. Lakini ubaridi huo wa sura ndio unaoifaa kazi yetu, maana kila kitu unakiamuru kwa maandishi, na maandishi hayo unayaweka kwenye faili moja la .bat, yaani faili la amri ambazo Windows inazitekeleza moja baada ya nyingine. Mstari wa dirisha la kwanza kwenye Windows ni huu:

start "" mpv --no-border --no-osc --ontop --no-audio --loop-file=inf --hwdec=auto-safe --no-keepaspect-window --panscan=1.0 --geometry=960x540+0+0 kanisa.mp4

Mistari mingine mitatu inafanana na huo, isipokuwa jina la video na namba za mwisho: +960+0, +0+540, +960+540. Televisheni ya 1920 kwa 1080 ikigawanywa hivyo, hakuna ufa unaobaki katikati. Mwongozo unaruhusu pia kuandika 50%x50%, ila ndani ya .bat alama ya asilimia lazima uiandike mara mbili, kwa hiyo pikseli zina amani zaidi. Bila --ontop, ule mstari wa Windows wa chini unakaa juu ya miguu ya wacheza ngoma. Kwenye video ya ukumbi tu tunaondoa --no-audio, ili muziki usikike kutoka sehemu moja.

Hiyo --panscan inahitaji jicho. Inaikuza video hadi ijaze dirisha lote, na kinachozidi kinakatwa. Kwa video ya kamera ni sawa kabisa. Kwa ile iliyochukuliwa na simu ikiwa imesimama wima, bibi harusi anabaki bila kichwa, na mama yake anaweza kuwa anapita barabarani saa hiyo hiyo. Video za simu ziachie weusi pembeni, usiweke panscan.

Kuna njia ya pili ambayo mafundi wanaipenda: dirisha moja tu, video zikiunganishwa ndani kwa --lavfi-complex na hstack, amri zinazozipanga pembeni kwa pembeni ziwe picha moja. Inapendeza, na video zote zinakwenda pamoja bila kuachana. Mimi siichukui kwa duka. Lazima video ziwe na kimo kimoja, na ile fupi inaganda kwenye picha yake ya mwisho ikisubiri ile ndefu imalize. Kwa madirisha manne kila moja lina saa yake, na nikitaka kubadilisha video ya mahari nafunga hilo moja kwa kitufe q, mengine yanaendelea. Wateja hawajui tofauti. Wanachojua ni kusimama na kuuliza, «Ile ndoa ya pale juu ni ya nani?»

Mashini yetu ni ya kizamani na video nne za ukubwa kamili zinaifanya ipige kelele ya feni. Dawa ni kuzipunguza kabla kwa FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video, hadi 960 kwa 540, kwa sababu hata hivyo ndiyo nafasi inayoonekana. Zote nne zikijumlishwa zinakuwa pikseli za video moja kubwa. Usisahau --hwdec, inayoipa kadi ya picha kazi ya kufungua video, maana kwa kawaida mpv inaitegemea prosesa peke yake.

Kuhusu umeme wa hapa sina haja ya kueleza. Faili la .bat tumeliweka kwenye folda ya kuanzia (andika shell:startup kwenye dirisha la Run), na ndani ya BIOS (mipangilio ya mashini inayofunguliwa kabla ya Windows) tumeiambia mashini ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Asubuhi tunakuta harusi zinachezwa na hakuna aliyegusa kitu.

Kasoro ndogo: kibodi zetu ni za AZERTY, na vitufe vya kupunguza au kuongeza kasi ni [ na ], yaani ni AltGr kila mara. Unaweza kuvibadilisha kwenye input.conf, faili la vitufe vya mpv. Na kwa anayetumia Linux, aangalie kwanza kama anaingia kwa Wayland, mmoja wa mifumo ya Linux ya kuonesha madirisha: huko dirisha haliruhusiwi kujichagulia mahali pa kukaa, hivyo zile namba za mahali, kama +960+0, hazifanyi kitu. Aingie kwa X11, ule mfumo wa zamani, kama Linux yake bado inao.