Uzoefu wangu na The Fabulous Riverboat: riwaya inayojua uzito wa mzigo

Kazi yangu ni ya mizigo bandarini, kwa hiyo nikisoma hadithi za sayari za mbali huwa natafuta jambo ambalo waandishi wengi hawaligusi: vitu vimefikaje pale vilipo? Chombo kinatua, mlango unafunguka, kila kitu kimo ndani. Nani kapakia, kwa nishati gani, kwa mapatano gani, huambiwi. Riwaya hii ya Philip José Farmer, iliyotoka 1971, inakwambia.

Wanadamu waliokufa tangu enzi na enzi wamefufuliwa kandokando ya mto mmoja unaopita kwenye bonde la mamilioni ya maili. Pande zote mbili kuna milima isiyopandika, hivyo njia ya safari ni maji tu. Watu wanakwenda kwa mashua za mianzi zenye tanga, na kila kipande cha mto kina mtawala wake anayeweza kukuteka na kukutia utumwani. Sam Clemens, ambaye kabla ya kujulikana kama Mark Twain alikuwa rubani wa meli za mvuke kwenye mto Mississippi, anataka kuunda meli kubwa ya magurudumu ya makasia na kuupanda mto hadi chanzo chake. Ila sayari yenyewe karibu haina chuma.

Kimondo kinaanguka na kuleta chuma, na hapo ndipo kitabu kilinishika kabisa, maana chuma peke yake hakiundi meli. Boksiti na kriolaiti za kutengenezea aluminiamu ziko kwa jirani, Soul City, na jirani huyo anajua vizuri alichokikalia. Malipo anayotaka ni silaha. Basi kila shehena ya madini inayoingia inamwongezea nguvu mtu ambaye kesho anaweza kukuvamia. Tena Clemens analazimika kushirikiana na Mfalme John wa Uingereza, yule wa Magna Carta ya 1215, hati iliyomwekea mfalme mipaka, mtu ambaye mimi nisingemkabidhi hata ufunguo wa ghala. Mazungumzo yao ya bei na masharti yalinisisimua kuliko vita vyote vya kitabuni.

Umeme nao umefikiriwa. Mawe yaliyopo kandokando ya mto, yanayowapa watu chakula mara tatu kwa siku, ndiyo yanayochaji mitambo ya meli, kwa hiyo ratiba ya safari itafuata mawe. Nahodha hawezi kutia nanga popote anapotaka.

Kasoro zipo. Anayetaka safari yenyewe atasubiri sana, kwa sababu sehemu kubwa ya kitabu ni ujenzi. Majonzi ya Clemens juu ya mkewe Livy yanachukua nafasi kubwa, lakini Livy mwenyewe hapewi nafasi ya kutosha ya kusema yaliyo moyoni mwake. Hilo lilinikera.

Anza na kitabu kinachotangulia hiki, To Your Scattered Bodies Go, kilichopata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, 1972. Mhusika wake mkuu ni Richard Burton, yule msafiri aliyefika Ujiji 1858, na humo ndimo mto unapoelezwa vizuri. Nilivisoma vyote kwenye simu. Kiingereza chake ni chepesi, isipokuwa maneno ya Joe Miller, lile jitu lenye kitembe: hayo yasome kwa sauti ndipo utayaelewa.