Madigadi ya Bedford kwa nyundo: kazi ya karakana moja ya Changamwe

Madigadi ya Bedford TJ huipati dukani. Lori hilo lilianza kutoka Uingereza mwaka 1958, na ukienda kuvua madigadi kwenye gari bovu utakuta imeliwa na kutu pale pale ilipoliwa yako. Ndiyo maana hii karakana ndogo ya Changamwe, Mombasa, inayopiga vipande vya bodi kwa mkono, haikosi kazi. Kwa umbo, mafundi wake hawana mchezo. Kwa mishono na kinga ya kutu, usiposimama nao utarudi tena.

Wanafanyia kazi shiti nyeusi laini ya geji 18, yaani milimita 1.2 hivi. Ya futi 8 kwa 4 ina uzito wa kama kilo 28. Nunua mwenyewe, uipime kwa kalipa kabla haijakatwa. Geji 22 hupigika haraka lakini ikitanuliwa hubaki nyembamba kama kopo. Mabati ya zinki nayo yakatae: zinki ikiungua hutoa moshi unaomtia fundi homa, na mshono hujaa vitundu.

Kinachofanya kazi yao iwe bora ni patani. Hulaza karatasi ya kaki juu ya madigadi ya zamani na kuisugua kwa kiganja. Karatasi ikijikunja, hapo bati litasinyazwa. Ikibidi kuchanwa ili ikae, hapo bati litatanuliwa. Alama hizo huhamishiwa kwenye shiti kabla ya nyundo ya kwanza. Kisha bati huwekwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, likapigwa kwa nyundo ya mbao, kutoka pembezoni kwenda katikati, kidogo kidogo. Baada ya hapo linasawazishwa kwa nyundo ya chuma na doli, yaani kipande cha chuma kinachoshikiliwa nyuma ya bati. Fundi mkuu hatazami. Anapitisha kiganja akiwa amevaa glavu nyembamba ya kitambaa, na kila panapomkwaza anapatia alama ya chaki. Palipotanuka kupita kiasi, bati likawa linabonyea na kurudi kwa mlio, hupachoma kwa gesi doa dogo hadi liwe jekundu, hupiga kuzunguka doa, kisha hupooza kwa kitambaa chenye maji.

Ukingo unaozungushiwa waya nao ni safi. Kwa waya wa milimita 4 huacha nyama, yaani bati la ziada la kukunjia, ya milimita 10, mara mbili na nusu ya unene wake. Ikipungua hapo waya huchungulia.

Sasa kasoro. Wakiachwa wenyewe hupandisha bati jipya juu ya la zamani na kuchomelea ukingo mmoja tu. Ni rahisi, maana hakuna haja ya kukata sawasawa, lakini katikati ya bati mbili hubaki mwanya unaonyonya maji, na kwa hewa ya chumvi ya hapa kutu huanzia ndani, rangi ikiwa bado inang'aa. Sema tangu mwanzo: ncha kwa ncha, kwa gesi, nukta za kushikiza kwanza kila sentimita 2 au 3, halafu mshono ujazwe vipande vipande kwa kurukaruka. Joto likimiminwa mfululizo mshono husinyaa na bati zima hupinda. Mshono wa gesi ni laini, unaweza kuutanua tena kwa nyundo na doli. Wa mashine ya umeme ya kuchomelea kwa waya ni mgumu, na wengi huishia kuusaga kwa grainda mpaka bati linabaki karatasi.

Pati, ile lepe ya kujazia mabonde ya bati, wanaipenda mno. Isizidi milimita 2 au 3. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa chembamba: isiposhika, chini yake pati ni nene.

Jambo la mwisho ni praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Msimu wa kusi, bati lililosuguliwa jioni na kuachwa wazi huamka na kutu ya kahawia. Wao husubiri hadi vipande vyote viishe. Wewe dai kila kipande kipakwe siku ile ile, na upande wa ndani upakwe kabla haujazibwa, kwa sababu baadaye brashi haifiki. Malipo yagawe: sehemu umbo likikubali kukaa kwenye gari, iliyobaki baada ya kuona mgongo wa kila mshono.

Milango sijaona wakiiweza. Kukunja ukingo wa ngozi ya mlango kuzunguka fremu bila kuacha mawimbi kunawashinda, na wao wenyewe hukubali.