TAHADHARI: Wakala anayewauzia mafundi wasio na digrii “barua ya utambuzi” ya Ujerumani

Ndugu mafundi wa Mombasa na Pwani yote, hasa ninyi wenye vyeti vya NITA, yaani vya mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, mnaoambiwa kila siku kwamba Ujerumani inawasubiri, yuko bwana mmoja katikati ya mji anayejiita wakala wa ajira za Ulaya, naye amekula Sh180,000 zangu. Jina analojitambulisha nalo silo linalotokea kwenye simu ukimtumia pesa, kwa hiyo kulitaja hapa hakutamsaidia mtu. Mtambueni kwa bidhaa yake, ambayo ni barua ya utambuzi wa vyeti, yaani inayosema kwamba mafunzo yako yanalingana na ya Kijerumani.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana najua wapo wanaonicheka, na wale mliokuja kuniaga Jumapili ile mnajua aibu niliyo nayo mbele ya wakwe zangu. Mimi ni fundi wa umeme, na nilipoingia ofisini mwake hakuanza na habari za pesa. Aliniuliza kama nimezoea kazi ya fezi moja au fezi tatu, kisha akaniuliza rangi za nyaya. Nikamtajia nyekundu, njano na buluu, kama tulivyofundishwa. Akatabasamu, akavuta karatasi na kunichorea kebo ya Ulaya: kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, buluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa manjano kwa waya wa ardhi, na akaniambia kwamba fundi atakayedhani buluu ni fezi kule atafukuzwa kabla hajaonja mshahara. Sasa niambieni, ni tapeli gani anayekaa akajifunza rangi za nyaya? Anayesema kwamba angeshtuka papo hapo hakukalia kile kiti.

Baada ya hapo alivaa glavu nyeupe ya kitambaa, mkono wa kulia peke yake, akafungua bahasha ya kaki na kunionyesha barua ya fundi aliyenitangulia, yenye muhuri wa tai. Alisema muhuri huo ukiguswa na jasho hufutika. Niliomba niipige picha, akakataa kwa upole, akieleza kwamba sheria za Ulaya kuhusu siri za watu hazimruhusu. Hata hilo niliona ni uungwana.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba mengi aliyoyasema ni kweli. Ujerumani ina sheria ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2020 na kulegezwa kwa awamu kuanzia Novemba 2023, na sheria hiyo haimtaki fundi awe na digrii. Mwenye mafunzo ya ufundi anaweza kuomba yatambuliwe kuwa yanalingana na ya Kijerumani. Tangu Machi 2024 ipo pia njia ya mtu aliyesomea ufundi kwa angalau miaka miwili, akapata cheti kinachotambuliwa na serikali ya kwao, akafanya kazi hiyo angalau miaka miwili katika mitano iliyopita, na ameahidiwa ajira yenye mshahara usiopungua kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 43,470 kwa mwaka. Haya yote aliyasema bila kusoma popote, nami nilipoyatafuta usiku kwenye simu nikayakuta vilevile. Uongo aliupenyeza katikati: kwamba cheti changu cha mtihani wa NITA kinatosha peke yake, ilhali cheti cha mtihani hakionyeshi kwamba mtu alikaa darasani miaka miwili, na kwamba yeye ana mgao wa nafasi katika zile ajira 250,000 zinazodaiwa kuwemo katika mkataba wa uhamiaji wa Kenya na Ujerumani. Mkataba huo ulitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, ni kweli, lakini hauna idadi yoyote ndani yake, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe iliikanusha hiyo 250,000.

Barua yangu ilikuja kabla ya wiki kwisha. Binamu yangu aliyeko Stuttgart aliisoma kupitia video, akanyamaza, kisha akaniuliza ni lini nilipata shahada ya uhandisi wa umeme, kwa sababu barua ilisema ninayo. Yaani nimelipa pesa za chama nipelekwe Ulaya bila digrii, halafu nikapewa digrii ya kughushi! Ningeipeleka ubalozini, mghushi angekuwa mimi. Nilipompigia, bwana huyo alijibu kwamba hiyo ni lugha ya kisheria tu, na tangu siku hiyo hapatikani.

Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mlaghai wa namna hii kifungo kisichozidi miaka mitatu. Miaka mitatu! Mtu anayewauzia vijana hati za kuwafungia milango ya ubalozi anastahili kifungo kirefu kuliko hicho, kila alicho nacho kiuzwe, na glavu yake itundikwe mahakamani kama kielelezo.

Wanaouliza dalili, niliyoyajua baadaye ni haya. Uamuzi wa utambuzi huandikwa kwa Kijerumani, na hiyo ya kwangu ilikuwa kwa Kiingereza. Mafundi wengi huomba wenyewe kwa IHK FOSA, ofisi ya Kijerumani ya kutambua vyeti vya kigeni iliyoko Nürnberg, au kwa chemba za ufundi, na uamuzi unaweza kuchukua hadi miezi mitatu baada ya hati zote kufika, wala si siku chache. Viza yenyewe ada yake ni euro 75, na hakuna wakala mwenye nafasi za miadi za kuuza. Mawakala wenye leseni wameorodheshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, naye hayumo, nimetazama.

Nimekwisha kuandikisha taarifa polisi. Afisa anasema shauri litakuwa na nguvu tukiwa wengi, kwa hiyo aliyempa pesa aniandikie faraghani, asifute ujumbe wa malipo, na bahasha ile ya kaki aihifadhi kama ilivyo.