Audio-Technica AT-LP60X na santuri za Baba: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Baba alikuwa fundi wa reli, na kila alipopelekwa Nairobi alirudi na santuri. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, nyimbo zikabaki kwenye kanda za redio, na aliyetaka santuri ilibidi aitegemee Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, sanduku la Baba nalo likasimama hapo hapo. Nimerithi santuri 52, karibu zote za inchi 7, kila moja ina herufi za jina la Baba kwenye lebo. Santuri ziliazimwa kwenda harusini, na yenye jina ndiyo iliyorudi.

Mwanzoni nilinunua mashine ya kupigia santuri ya bei rahisi, ile ya sanduku yenye spika ndani yake. Msiwekee santuri za wazee humo. Spika na sindano vikikaa mwili mmoja, besi ikipanda sindano inatetemeka na kuruka, na mkono wake ulikuwa mzito. Wiki ya pili nikakuta unga mweusi kwenye ncha ya sindano. Nikahofia kwamba ni santuri yenyewe inalika, nikaizima.

Ndipo nikachukua AT-LP60X, mashine ya santuri isiyo na spika ndani yake. Uzito wa sindano umepimwa kiwandani, karibu gramu 3, huna haja ya kurekebisha chochote. Unachagua ukubwa wa santuri, inchi 7 au 12, unabonyeza, mkono unanyanyuka wenyewe, unashuka taratibu, wimbo ukiisha unarudi kitako. Nyuma kuna swichi ndogo: kama amplifaya yako haina tundu maalumu la santuri, weka LINE, la sivyo sauti itatoka nyembamba kama ya mbu. Mwendo ni wa mizunguko 33 na 45 kwa dakika tu. Wenye santuri nzito za 78 watafute mashine nyingine, na wasizisafishe kwa spiriti, maana inayeyusha.

Hizi za kawaida mimi nazisafisha kwa maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta (yale matupu, si asidi!) na kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mistari. Kisha kivulini, zimesimama, hadi zikauke.

Sasa sauti. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gita wa dansi aliyefariki Mombasa Januari 1979 baada ya ajali ya gari, nilimjua maisha yangu yote kupitia kaseti zilizorudufiwa kutoka kaseti nyingine. Kumbe sikuwa nimemsikia. Kwenye kaseti ridhimu ilikuwa uvumi tu nyuma ya sauti. Hapa kila gita linakaa mahali pake: solo inachonga, ridhimu inajibu, besi inatembea chini yake bila haraka, na kabla ya solo kupanda nasikia kidole kikiteleza kwenye waya. Ule mchakacho wa vumbi unabaki, na hata ungeweza kuondolewa nisingeuondoa.

Kwa pesa niliyolipa, nashauri mtu yeyote mwenye sanduku la mzazi wake chini ya kitanda aanzie hapa, na aongeze spika nzuri baadaye.

Kuna jambo moja ambalo kaseti na simu zilitusahaulisha. Wimbo wa dansi haukuenea upande mmoja wa inchi 7, kwa hiyo uliandikwa sehemu ya kwanza na ya pili. Upande wa kwanza una mashairi; chemko, pale magita yanapopamba moto na watu kucheza, liko nyuma. Zamani ukumbi mzima ulisubiri mtu ageuze. Jumapili iliyopita mkono uliporudi kitako nilikuwa bado nimekaa na kikombe cha chai, nikawaza. Mama, miaka 78, ameshika mkongojo, alikuwa ameshasimama katikati ya sebule.

"Geuza, mwanangu. Baba yako hakuwa akituweka hivi."