Unawaza kudropu ekonometriki? Pita kwanza twisheni ya juu ya steshenari, Malimbe

Wa Malimbe na Nyegezi hapa Mwanza hii inawahusu sana, hasa nyie wa uchumi, maana najua saa hizi nusu ya darasa inawaza kudropu ekonometriki, yaani kuiacha hiyo kozi ya kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, kabla dirisha la kubadilisha kozi halijafungwa. Kuna chumba cha twisheni juu ya steshenari huku Malimbe, hakina bango wala nini, ulizia tu wanapotoa kopi watakuonyesha ngazi. Mwalimu ni kijana aliyemaliza chuo, hana mbwembwe. Nampa nyota nne, na ningempa tano kama isingekuwa joto la kile chumba.

Kilichonifanya nimkubali ni kwamba siku ya kwanza hataki hela. Anakukalisha chini anakwambia nionyeshe kozi ulizojisajili na maksi ulizonazo, halafu anapiga hesabu mbele yako. Mimi nilikuwa na 6 kwenye 20 ya tesiti ya kwanza na roho ilikuwa imeshatoka kwenye hiyo kozi. Akachukua karatasi akaandika: kosiweki (maksi za kabla ya mtihani wa mwisho) imebaki 20, UE (mtihani wa mwisho wa semista) ni 60, jumla bado kuna 80 hujazigusa. Ukitaka C ya 40 unatafuta 34 kwenye hizo 80, ukitaka B ya 50 unatafuta 44. Yaani kumbe B ilikuwa asilimia 55 tu ya kilichobaki, na mimi nilikuwa nalala naona sapu, mtihani wa marudio! Halafu akaniuliza, "mdogo wangu, risechi yako mwaka wa tatu unafanya nini?" nikamwambia bei za samaki, akasema sasa hizo data utazichambua na nini kama rigresheni, hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyoendana na kingine, unaikimbia leo. Hapo ndo nikabaki.

Lakini usidhani anamng'ang'aniza kila mtu ili apate wateja. Rafiki yangu nilienda naye, yeye ana kere mbili (kozi alizofeli anazotakiwa kurudia) za mwaka jana na jioni anauza duka la dada yake Buhongwa, ekonometriki kwake ilikuwa opsheni tu, kozi ya hiari, na wala haimfungulii kozi yoyote ya mbele. Mwalimu akamwambia wewe dropu, tena kesho asubuhi, nenda na fomu kwa mshauri wako wa masomo asaini, chukua opsheni nyepesi nguvu zako uzipeleke kwenye kere maana kere ndo zinakuletea disko, kuondolewa chuo kwa kufeli. Hakumchukulia hata shilingi. Kuna twisheni nyingine nilishapita, jina silisemi, pale ukifika tu unauziwa pasti pepa zenye majibu unaambiwa kariri, hakuna anayekuuliza kama hiyo kozi unaiweza au inakufaa.

Ufundishaji sasa. Dami variabo, yaani kigezo cha 1 au 0 cha kuonyesha hali fulani ipo au haipo, darasani niliisikia ikapita juu ya kichwa. Huyu jamaa akaanza na dagaa wa Mwaloni Kirumba. Wote tunajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa nene ndo wanaifuata taa, mbalamwezi ikitoka uvuvi unalala na bei inapanda. Basi akasema usiku wa mbalamwezi mpe 1, wa giza mpe 0, ingiza kwenye ikwesheni ya bei, ile namba inayotoka mbele yake ndo ongezeko la bei kwa sababu ya mwezi, vitu vingine vikibaki vilevile. Binti mmoja akauliza kwa nini tusiweke na variabo ya giza nayo iwe na 1 yake, akamsifia kwanza kwa swali, halafu akaonyesha kwamba mbalamwezi ukijumlisha na giza unapata 1 kila siku, sawasawa na konstanti, ile 1 ya kila siku iliyoko tayari kwenye ikwesheni, kwa hiyo kompyuta haiwezi kutenganisha nani kafanya nini. Lekchara aliita huo ni mtego wa dami, sisi tuliuona kwenye ndoo za dagaa, na kwenye tesiti ya pili lilikuja swali karibu lilelile, niliandika natabasamu.

Mapungufu yapo. Chumba kidogo, UE zikikaribia watu wanakaa mpaka kwenye ngazi na ukichelewa huoni ubao. Hana kompyuta, kwa hiyo siku za Stata na SPSS, zile programu za takwimu, njoo na laptopu yako au ukae na mwenye nayo. Umeme ukikatika anaendelea na tochi ya simu, mafeni ndo basi tena, utatoka umelowa jasho. Kopi za maswali unalipia mwenyewe kwa mama wa steshenari. Kipindi ni 5,000, bumu (hela ya mkopo wa chuo) likichelewa anakuandika kwenye daftari unalipa likiingia.

Nendeni wiki hizi za mwanzo wa semista akiwa bado na nafasi ya kukaa na mtu mmoja mmoja. Kuanzia saa 11 jioni yupo, Jumapili hafungui.