Kutoka Java kwenda Kotlin: uzoefu wangu

Natengeneza programu za Android hapa Dar, na kwa miaka mingi mkate wangu umetoka kwenye lugha ya programu ya Java. Kotlin, lugha mpya zaidi, niliiingiza kwenye mradi uleule wa zamani, faili moja moja, bila kubomoa kitu.

Raha yake utaiona kwenye vitu vidogo. Klasi ya mteja mwenye jina, simu na salio ilikuwa inakula ukurasa mzima wa Java: get na set za kila kitu, equals, hashCode, toString. Kwenye Kotlin ni mstari mmoja:

data class Mteja(val jina: String, val simu: String, val salio: Int)

Basi, umemaliza. Na ile NullPointerException inayoangusha programu mikononi mwa mtumiaji, hapa kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) inaikamata mapema. Maandishi yanayoweza kuwa null, yaani bila thamani yoyote, unayaandika String?, la sivyo hayapiti. Ila msidanganyike: data ikitokea kwenye Java iliyobaki, ulinzi huo unalegea na programu bado inaweza kuanguka. Ukiiachia Android Studio, programu tunayoandikia msimbo, ikubadilishie faili la Java kuwa Kotlin, inaweza kukujazia alama za !! (yaani "niamini, hii si null") kila kona, na kuzisafisha ni kazi yako.

Kuna wanaosema Kotlin ni mtindo tu, utapita. Toleo lake la 1.0 kutoka kampuni ya JetBrains lilitoka 2016, Google wakaikubali rasmi kwa Android 2017, na 2019 wakaipa kipaumbele mbele ya Java, lugha ya tangu 1995. Sasa itazame Rust, lugha nyingine iliyofikia 1.0 mwaka 2015. Kwenye utafiti wa kila mwaka wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, inaongoza kwa kupendwa na wanaoitumia tangu 2016, lakini katika ule wa 2024 waliosema wanaitumia walikuwa kama asilimia 13 tu. JavaScript, rika la Java, ilipita asilimia 60. Hata PHP, lugha inayozikwa kila mwaka, bado ndiyo inayoendesha WordPress, mfumo wa kutengeneza tovuti.

Kwa maoni yangu Kotlin imepenya kwa sababu haikumhamisha mtu. Kwenye Android inaita maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) za Java moja kwa moja, na bosi haoni tofauti. Rust inataka ufikiri upya kuhusu kumbukumbu ya kompyuta, na si kila ofisi ina muda huo.

Kero? Gradle, chombo kinachokusanya msimbo na maktaba na kujenga programu. Kwenye laptopu ya RAM GB 8 feni inalia kama jenereta, na ikiamua kushusha maktaba upya, bando linakwenda na maji.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya Gradle. Anayeanza Android leo aanze na Kotlin moja kwa moja, ila ajue kuisoma Java, maana miradi mingi ya zamani atakayokabidhiwa kazini imeandikwa kwa hiyo.